Je, Mahakama Inaweza Kumkinga Mgeni dhidi ya Serikali?

Waswahili husema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Husema pia, "Mgeni siku mbili. Siku ya tatu mpe jembe." Methali ya kwanza yasifu baraka aletayo mgeni, na ya pili yamkumbusha mgeni wajibu wake wa kufanya kazi. Hakuna hata moja kati ya hizo inayotuambia afanye nini mgeni aliyelishika jembe akalima miaka ishirini, kisha mwenyeji akaamka asubuhi moja na kumpa siku tisini aondoke. Hapo methali hunyamaza na sheria huanza kusema.

Mwanafunzi wangu, katika makala hii tutaitazama historia ya kanda yetu ya Afrika Mashariki ili tujibu swali moja: serikali ikivuka mipaka ya mamlaka yake dhidi ya wageni, je, mahakama inaweza kuwakinga? Tutapita Kampala, kisha Nairobi, ambako tutakaa kwa muda mrefu zaidi, na mwisho Arusha. Kabla ya safari hiyo, tuyaelewe maneno matatu. Mhamiaji ni mtu aliyetoka nchi yake na kwenda kuishi nchi nyingine. Mkimbizi ni yule aliyelazimika kukimbia kwa kuhofia maisha au uhuru wake. Raia ni mtu anayetambuliwa na sheria kuwa mwananchi wa nchi fulani. Utaona baadaye kwamba mpaka kati ya raia na mgeni si ukuta wa mawe. Wakati mwingine ni mstari wa kalamu, na kalamu hiyo huwa mkononi mwa serikali.

Kampala, 1972: Hakuna wa kuuliza

Tarehe 4 Agosti 1972, Idi Amin aliwatangazia wanajeshi mjini Tororo kwamba Waasia waliokuwa na pasipoti za Uingereza hawakuwa na nafasi tena Uganda. Wakapewa siku 90. Wengi wao walikuwa wazawa wa Uganda, watoto na wajukuu wa watu waliokuja wakati wa ukoloni wa Mwingereza: baadhi kujenga reli iliyoanzia Mombasa mwaka 1896, na wengi zaidi kufanya biashara. Ni kweli kwamba sehemu kubwa ya biashara ilikuwa mikononi mwao, na ni kweli kwamba Waafrika wengi walikuwa na malalamiko ya haki juu ya mpangilio huo uliorithiwa kutoka ukoloni. Hata hivyo, malalamiko ya haki hayahalalishi kila njia ya kuyaondoa.

Tazama namna jambo lenyewe lilivyofanyika. Baada ya mapinduzi ya Januari 1971, Bunge lilikuwa limevunjwa na nchi ilitawaliwa kwa amri za rais. Amri moja ilitosha kufuta vibali vya kuingia na kuishi vya maelfu ya watu kwa mara moja. Hakuna mmoja wao aliyeitwa kueleza hali yake. Hata wale waliokuwa na uraia wa Uganda walipangishwa foleni ili nyaraka zao zikaguliwe upya, na wengi wakaambiwa kwamba karatasi zao hazikukamilika. Walilala wakiwa raia, wakaamka wakiwa wageni. Baadhi yao hawakuwa na nchi nyingine yoyote ya kuwapokea, ikabidi Umoja wa Mataifa uwatafutie hifadhi.

Je, mahakama ilikuwa wapi? Mahakama ilikuwapo, na juu yake alikaa Benedicto Kiwanuka, Waziri Mkuu wa kwanza wa Uganda, ambaye mwaka 1971 aliteuliwa kuwa Jaji Mkuu. Mwezi Septemba 1972, wakati siku zile 90 zikiendelea kuhesabiwa, lililetwa mbele yake shauri la Mwingereza mmoja aliyekamatwa na wanajeshi na kuzuiliwa. Kiwanuka aliuliza swali ambalo kila hakimu hupaswa kuuliza: mtu huyu anazuiliwa kwa sheria ipi? Jibu halikupatikana, naye akaamuru aachiliwe. Ulikuwa uamuzi wa mtu mmoja kuhusu mgeni mmoja, lakini ulitamka mbele ya watu wote kwamba bunduki si kibali cha kukamata.

Muda mfupi baadaye, tarehe 21 Septemba 1972, watu wenye silaha waliingia katika jengo la Mahakama Kuu ya Kampala mchana kweupe, wakamchukua Jaji Mkuu wakaondoka naye. Hakuonekana tena. Leo Mahakama ya Uganda huandaa mhadhara wa kila mwaka kwa jina lake, nasi twafanya vyema kumkumbuka. Lakini tuliweke wazi somo lenyewe: mwaka ule mahakama haikuweza kumkinga mgeni kwa sababu haikuweza hata kumkinga jaji wake. Hakimu hana jeshi. Nguvu yake yote imo katika utayari wa wenye silaha kulitii neno lake.

Nairobi, 2010: Maneno mawili ya Katiba

Sasa tuvuke mpaka twende Kenya, miaka 38 baadaye. Tarehe 27 Agosti 2010, Kenya ilipata Katiba mpya. Ninyi mnaojifunza Kiswahili mnafahamu kwamba neno moja likibadilika, maana ya sentensi nzima hugeuka. Ndivyo ilivyo katika sheria pia. Sura ya Nne ya Katiba hiyo, inayohusu haki za binadamu, inatumia maneno mawili tofauti: mahali pengine inasema "kila raia", na mahali pengine "kila mtu". Haki ya kupiga kura ni ya kila raia. Haki ya kuheshimiwa utu, haki ya kwenda huku na huko, na haki ya kutendewa kwa uadilifu na maofisa wa serikali ni za kila mtu.

Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana. Mkimbizi kutoka Somalia au Kongo si raia wa Kenya, lakini hakuna anayeweza kukana kwamba ni mtu. Zaidi ya hayo, Ibara ya 22 inamruhusu mtu au chama kwenda mahakamani kwa niaba ya mwingine asiyeweza kujitetea mwenyewe. Kwa maneno hayo machache, mlango ambao mwaka 1972 haukuwapo ulikuwa umejengwa. Ilibaki kuonekana kama ungefunguka.

Amri ya kwanza na "kwa nini" ya kwanza

Kenya imewapokea wakimbizi kwa wingi tangu mwaka 1991, serikali ya Siad Barre ilipoanguka Somalia. Kambi za Dadaab zilianzishwa mwaka huo, nayo Kakuma ikafuata mwaka 1992. Dadaab ilikusudiwa watu 90,000, lakini ukame na njaa ya mwaka 2011 vilipozidi, idadi yao ilipita 400,000. Wapo pia wakimbizi walioishi mijini, hasa Nairobi, wakifanya biashara, wakisoma na kuwalea watoto wao.

Mwishoni mwa mwaka 2012, baada ya mashambulizi ya magruneti katika mtaa wa Eastleigh na kwingineko, serikali ilitangaza kwamba wakimbizi wote wa mijini wahamie kambini: Wasomali Dadaab, na wengineo Kakuma. Januari 2013 uwanja wa michezo wa Thika ulitajwa kuwa mahali pa kuwakusanyia. Hapo Kituo cha Sheria, shirika la msaada wa kisheria, pamoja na wakimbizi kadhaa, walikwenda Mahakama Kuu. Mahakama ilitoa zuio la muda, na tarehe 26 Julai 2013 Jaji David Majanja akatoa hukumu.

Serikali ilisema kwamba inalinda usalama. Jaji hakudharau hoja hiyo, kwa maana watu walikuwa wamekufa kweli. Aliuliza tu: uko wapi uhusiano kati ya mashambulizi hayo na kila mkimbizi anayeishi mjini? Mwalimu, mwanafunzi na mchuuzi wa nguo wamefanya nini hata wang'olewe makwao kwa pamoja? Uhusiano huo haukuthibitishwa. Mahakama ikasema kwamba amri ile ilivunja haki ya wakimbizi ya kwenda huku na huko, ilikiuka utu wao, na ilihatarisha kanuni ya kimataifa inayokataza kumrejesha mkimbizi mahali ambapo maisha yake yamo hatarini. Amri ikatanguliwa.

Ningeweza kuishia hapa nikakuambia kwamba mahakama ilishinda. Lakini historia haikuishia hapo, na mwalimu anayekueleza nusu ya hadithi anakudhulumu.

Amri ya pili: serikali yajifunza

Tarehe 21 Septemba 2013, miezi miwili tu baada ya hukumu, magaidi walishambulia jengo la maduka la Westgate jijini Nairobi, wakaua watu 67. Hofu iliyotanda baada ya hapo haikuwa ya kubuni. Machi 2014 serikali ilitoa tena agizo la kuwarudisha wakimbizi kambini, na mara hii iliimarisha msingi wake wa kisheria pamoja na maelezo yake ya usalama. Mwezi Aprili polisi waliingia Eastleigh katika operesheni iliyojulikana kwa jina la Usalama Watch. Maelfu ya watu walikamatwa na wengi wakapelekwa katika uwanja wa Kasarani ili wachunguzwe. Miongoni mwao walikuwamo Wakenya wenye asili ya Kisomali. Chombo cha Kenya chenye jukumu la kusimamia mwenendo wa polisi kilichunguza operesheni hiyo na kueleza hadharani ukiukaji wa haki uliotendeka.

Wakimbizi walirudi mahakamani wakiwa na imani ile ile ya mwaka uliotangulia. Mwezi Juni 2014 ombi lao lilikataliwa. Mahakama Kuu iliona kwamba, kwa hali ya usalama ilivyokuwa na kwa sababu zilizotolewa, hatua ya serikali ilihalalika.

Unalionaje jambo hilo, msomaji? Wapo waliosema kwamba mahakama iliogopa. Mimi nadhani kuna funzo gumu zaidi. Mahakama haikuwahi kusema kwamba serikali haiwezi kamwe kuwahamisha wakimbizi. Ilisema kwamba haiwezi kuwahamisha bila kutoa sababu. Serikali ilipoleta sababu, mlango ukafungwa. Aliyekuwa amezuiliwa Kasarani hakupata faraja yoyote katika tofauti hiyo. Na hata kama hukumu ingetoka upande wake, ingetoka mwezi Juni, ilhali mlango wake ulivunjwa mwezi Aprili.

Sheria ya 2014 na kufungwa kwa Dadaab

Mwezi Desemba 2014 Bunge lilipitisha sheria ya marekebisho ya usalama katika kikao kilichojaa vurugu. Kifungu kimojawapo kiliweka kikomo cha wakimbizi nchini kuwa 150,000, ilhali waliokuwapo walizidi nusu milioni. Fanya hesabu mwenyewe: waliozidi wangekwenda wapi? Tarehe 23 Februari 2015, majaji watano wa Mahakama Kuu walikitangaza kifungu hicho kuwa batili pamoja na vingine kadhaa. Waliona kwamba kukitekeleza kungelazimu kuwarudisha watu kwenye hatari waliyoikimbia. Ombi hilo lilikuwa limepelekwa mahakamani na muungano wa vyama vya upinzani, uliokuwa ukitetea pia uhuru wa Wakenya wenyewe. Mara nyingi kinga ya mgeni na kinga ya mwenyeji hufumwa kwa uzi mmoja.

Kisha, tarehe 6 Mei 2016, serikali ilitangaza kwamba inaivunja idara ya masuala ya wakimbizi na kuifunga Dadaab. Hapo tena Kituo cha Sheria, pamoja na Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ya Kenya, walikwenda mahakamani. Tarehe 9 Februari 2017 Jaji John Mativo alitangua uamuzi huo. Alisema kwamba kuwalenga wakimbizi wa Kisomali peke yao ni ubaguzi, na ni kuwaadhibu watu kwa pamoja bila kuthibitisha kosa la mmoja mmoja. Aliagiza pia idara iliyovunjwa irudishwe. Serikali ilisema itakata rufaa, lakini haikupeleka mabuldoza Dadaab. Kambi ilibaki.

Hata hapa tuwe wakweli. Kati ya tangazo la Mei 2016 na hukumu ya Februari 2017, maelfu ya watu walikuwa wamekwisha kurejea Somalia. Wengine walirejea kwa hiari, lakini hiari ya mtu aliyeambiwa kwamba nyumba yake itabomolewa ni hiari ya namna gani? Hukumu haikuweza kuwarudisha.

Arusha, 2018: Raia aliyegeuzwa mgeni

Kituo chetu cha mwisho ni Arusha, makao ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Tarehe 22 Machi 2018 mahakama hiyo iliamua shauri la mwanamume aliyekuwa akitambuliwa kuwa Mtanzania. Alikwenda kushughulikia taratibu za ndoa yake, maofisa wakautilia shaka uraia wake, pasipoti ikachukuliwa, na mwaka 2014 akafukuzwa kwenda Kenya. Kenya nayo ikasema si wake, ikamrudisha. Akajikuta anaishi katika eneo la mpakani karibu na Sirari, mahali ambapo nchi hii imeishia na nchi ile haijaanza.

Mahakama ilisema kwamba mtu aliyekuwa akitambuliwa kuwa raia asitakiwe kuuthibitisha uraia wake upya. Serikali inayodai kwamba si raia ndiyo inayopaswa kuthibitisha. Ilisema pia kwamba alinyimwa nafasi ya kusikilizwa na mahakama ya nchi yake. Tanzania ilikutwa na hatia ya kukiuka haki zake, ikaagizwa kumruhusu arudi na kurekebisha sheria zake. Lakini mwezi Novemba 2019 Tanzania iliondoa tamko lake lililowaruhusu watu binafsi na mashirika kwenda moja kwa moja katika mahakama hiyo. Mlango uliojengwa kwa makubaliano unaweza kufungwa na yule yule aliyekubali.

Jibu

Basi turudi kwenye swali letu. Je, mahakama inaweza kumkinga mgeni? Jibu langu ni ndiyo, kwa kipimo maalumu. Mahakama haiwezi kumfanya mgeni apendwe. Haiwezi kusimama usiku kwenye kila kona ya Eastleigh polisi anapoomba kitambulisho na kunyoosha mkono. Inachoweza ni kuilazimisha serikali ijibu swali la maneno mawili: kwa nini? Mwaka 2013 serikali ya Kenya haikuwa na jibu la kutosha, wakimbizi wakabaki majumbani mwao. Mwaka 2014 ilipata jibu, wakaondolewa. Mwaka 2017 ilikosa jibu tena, Dadaab ikasalia. Mwaka 1972 aliyethubutu kuuliza alinyakuliwa kutoka ofisini mwake.

Ili swali hilo liulizwe na kujibiwa, mambo matatu lazima yawepo. La kwanza ni sheria inayosema "kila mtu". La pili ni mtu au chama cha kulibeba shauri, kwa maana mkimbizi asiye na nauli hafiki mahakamani peke yake. La tatu ni serikali inayotii hukumu hata inapoichukia. Mambo hayo hayajengwi na majaji. Hujengwa na raia: wanaopigia kura Katiba, wanaoanzisha vyama vya msaada wa kisheria, na wanaokasirika jaji anapotishwa.

Wapo watakaouliza: kwa nini raia ajitaabishe kwa ajili ya mgeni? Wakumbushe wale waliopangishwa foleni Kampala na yule aliyeishi kati ya mipaka miwili huko Sirari. Walikuwa na karatasi za uraia, wakaambiwa hazitoshi. Siku mtu anapogeuzwa mgeni, kinga pekee inayombakia ni ile aliyokuwa amewawekea wageni.

Msamiati

Batili: isiyo na nguvu ya kisheria.
Kutangua: kufuta amri au uamuzi uliokwisha kutolewa.
Zuio la muda: amri ya mahakama ya kusimamisha jambo hadi shauri lisikilizwe.
Hifadhi: ulinzi anaopewa mtu aliyekimbia hatari.
Kukata rufaa: kuomba mahakama ya juu iupitie uamuzi wa mahakama ya chini.

Maswali ya kujadili

1. Eleza tofauti kati ya "kila mtu" na "kila raia". Taja haki moja unayoona inafaa kuwa ya raia peke yake, na utoe sababu.
2. Linganisha uamuzi wa mwaka 2013 na ule wa mwaka 2014. Je, unadhani mahakama ilijipinga yenyewe?
3. Andika insha ya maneno 300 kuhusu kauli hii: "Hakimu hana jeshi."